Fimbo inapungua: somo la kwanza la kuchomelea, Mtwara

Marahaba, wanangu. Walio nyuma sogeeni, maana leo mtajifunza kwa masikio pia.

Mmewaona mafundi mtaani wanachomelea geti wamevaa miwani ya jua. Msiwaige. Mwanga ule unapenya pembeni, na uso mzima unabaki wazi. Ubaya wake hauumi papo hapo. Utamaliza kazi, utakula, utalala, halafu usiku wa manane unaamka macho kama yamemwagiwa mchanga. Tutatumia ngao ya uso yenye kioo cheusi namba 10. Nanyi mnaosubiri zamu, geuzeni nyuso. Mtazamaji naye anaungua. Nguo ziwe za pamba. Nailoni ikishika cheche inayeyuka na kugandia ngozi.

Fimbo hii ya kuchomelea, inayoyeyuka na kuunga chuma, ni namba 6013, unene wake milimita 2.5. Ile 60 ni nguvu ya chuma chake: pauni 60,000 kwa inchi ya mraba. Ile 1 inasema unachomelea mikao yote, hadi juu ya kichwa. Tutaanza na umeme wa ampea 70 au 80. Ganda lake la nje si pambo: likiungua linatoa moshi unaozuia hewa isiguse chuma kilichoyeyuka, kisha linabaki gamba juu ya kiungo. Msweden Oscar Kjellberg ndiye aliyeleta fimbo za kupakwa, mwanzoni mwa karne ya 20.

Sasa kinachowashinda wageni wa kazi hii. Fimbo inapungua! Mkono unatembea, na huku huku unashuka. Ukisahau kushuka, moto unarefuka, matone yanaruka ovyo na kiungo kinakuwa na matundu. Ukishuka mno, inanata. Ikinata, ipinde pembeni upesi. Ikigoma, bana holda, kile kishikio cha fimbo, uiachie fimbo itoke. Nafasi kati ya ncha na chuma isizidi unene wa fimbo yenyewe. Ukiipatia, utasikia mchachatiko usiokatika. Sauti ikibadilika, mkono wako umebadilika.

Kutu ya pwani hii mnaijua, geti la mtaa wa Shangani linaliwa rangi ikiwa bado mpya. Kwa hiyo brashi ya waya kwanza, mpaka chuma king'ae. Mabati yenye zinki leo hatuyagusi. Moshi wake unaleta homa na kutetemeka.

Haya, wa kwanza aje. Glavu zote mbili, si moja. Piga mstari mmoja kwenye flatibari, hiki chuma bapa, gonga gamba, ndipo uniite.