Leya Zinafunikana Kwenye AutoCAD: Jinsi ya Kupanga Nini Kikae Juu

Habari ndugu mtazamaji, karibu. Leo tuna ramani ya nyumba ambayo hachi ya sakafu, yaani mistari ya kujazia eneo, imefunika majina ya vyumba, na picha ya setilaiti ya kiwanja imemeza kuta zote. Fundi aliyeko saiti akipokea karatasi ya namna hii, atakisia vipimo, na kukisia vipimo vya msingi ni hatari. Twende taratibu.

Kwanza, kuna jambo linalowachanganya wengi. Kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, orodha ya leya, yaani matabaka ya mchoro kama kuta au samani, haiamui nini kikae juu. Hata leya ikiwa ya kwanza kwenye orodha, bado inaweza kufunikwa. Programu inaangalia vitu vyenyewe, kimoja kimoja: kilichochorwa mwisho hukaa juu ya vilivyotangulia. Ndiyo maana picha uliyoingiza jioni inafunika kuta ulizochora asubuhi. Kwa hiyo ukitaka kushusha leya nzima, kamata kwanza kila kitu kilichomo.

Tuanze na leya ya samani. Andika QSELECT, bonyeza Enter. Kisanduku kimefunguka. Apply to iwe Entire drawing, Object type iwe Multiple. Kwenye Properties chagua Layer, Operator iwe Equals, na kwenye Value chagua leya yako. Bonyeza OK. Umeona samani zote zimeshikwa? Sasa andika DR, kifupi cha DRAWORDER, amri ya kupanga nini kikae juu, Enter, halafu B, yaani Back, nyuma, Enter. Leya nzima imeshuka chini.

Hachi zina amri yake: andika HATCHTOBACK, Enter. Zote zimerudi nyuma kwa mpigo mmoja.

Sasa picha, na hapa mpangilio una maana sana. Kinachoshushwa mwisho ndicho kinachokaa chini kabisa. Ukishusha picha kwanza na hachi baadaye, hachi itakwenda chini ya picha na hutaiona tena. Kwa hiyo picha ifuate sasa, baada ya hachi. Bofya ukingo wake. Ikikataa kushikika, andika IMAGEFRAME, weka 1, ujaribu tena. Kisha DR, B, Enter.

Maandishi tunayapandisha mwisho: TEXTTOFRONT, Enter, chagua All. Majina ya vyumba, vipimo na mishale ya maelezo vyote vimekuja juu. Tazama pale sebuleni, sasa jina linasomeka.

Ukitaka kitu kikae katikati, mathalani kabati liwe chini ya ukuta lakini juu ya hachi, lichague, andika DR, kisha U, yaani Under, chini ya, halafu bofya ukuta na Enter.

Angalizo kuhusu bloku, yaani vitu kadhaa vilivyofungwa kuwa kitu kimoja: mlango uliotengenezwa kama bloku hupanda na kushuka mzima mzima. Kama tatizo liko ndani yake, fungua BEDIT, amri ya kuhariri bloku, panga humo humo kwa DR, uhifadhi, utoke.

Na kama kwenye skrini kila kitu kiko sawa lakini kwenye PDF mistari ya chini bado inapenya, tatizo haliko kwenye mchoro. Tafuta Merge Control kwenye mipangilio ya PDF, uchague Lines Overwrite. Toa PDF upya, ikuze upande wa jiko na choo ambako vipimo vimebanana, usome kimoja kimoja kabla hujaituma saiti.