Mabuti ya Kikauboi: Tuanzie Chini

Ahsanteni. Waliowahi kunisikia wanajua naanzia wapi: chini. Mtu akiletewa buti la kikauboi, kwanza hulipapasa shingo, husifia darizi, kisha huuliza kama ni ngozi ya mbuni. Ndugu zangu, mbuni hajawahi kushona kiatu! Ligeuze.

Tazama pale mbele ya kisigino, soli inapopanda kufuata upinde wa unyayo. Kwenye buti lililofuata desturi ya Texas, au ya León kule Meksiko, utaona vidoti vyeupevyeupe vimejipanga mistari kila upande. Hivyo ni vichwa vya vigingi vya mti, vyembamba kama njiti za kiberiti. Fundi hutoboa tundu kwa msharasi, hupachika kigingi, hugonga kwa nyundo hadi kipenye soli ya nje na ya ndani, kisha husaga ncha zilizotokeza ili zisimchome mvaaji. Hapo katikati kumelazwa kipande cha chuma, maana kisigino kirefu huacha unyayo ukining'inia, na mpanda farasi anasimamia papo hapo kwenye kikuku cha tandiko.

Kwa nini isiwe misumari? Chuma hushika kutu, na ngozi ikilowa na kukauka mara kwa mara, msumari hulegea. Mti na ngozi huvimba pamoja, hunywea pamoja. Nimelisema hili hadi mke wangu analijua kwa moyo, na bado watu wanauliza habari za mbuni.

Naona mkono kule nyuma. Najua: “Buti la León la bei nafuu ni gundi tupu.” Hapana! León ni mji wa viatu: ngozi huchakatwa humo, soli humo, mafundi humo. Bei hushushwa kwingine: ngozi ya ng'ombe badala ya mamba, darizi ya mistari michache, saizi za kawaida badala ya kupimwa mguu. Na ujira wa Meksiko ni mdogo kuliko wa Texas. Hilo nalo tulitaje, tusijifanye unafuu umeshuka kutoka mbinguni.

“Lakini viwandani wanatumia mashine.” Ndiyo, hata za kugonga vigingi. Mashine ya kushonea ule ukanda wa pembeni unaoshika soli ina jina la Charles Goodyear, mwana wa yule Goodyear aliyegundua namna ya kuimarisha mpira kwa joto, na ilipata hataza Marekani mwaka 1871. H. J. Justin, fundi aliyeanzisha mabuti maarufu ya Justin, alianza kutengeneza mabuti Spanish Fort, Texas, mwaka 1879. Mashine ndiyo iliyotangulia! Sasa jadi mnayoitaka ni ya enzi za Nuhu?

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi haraka haraka. Kisigino kiwe tabaka za ngozi. Wapo wanaofunika plastiki kwa karatasi iliyochorwa mistari. Ukanda wa pembeni nao hughushiwa: unabandikwa na mshono wa mapambo usioshika chochote. Ulioshonwa kweli hufumuliwa, soli mpya ikawekwa, ngozi ya juu isiguswe.

Habari za saizi sikuzifikia, na najua mtanikamata mlangoni. Kisigino kikicheza kidogo siku za mwanzo, vumilia, soli bado ngumu. Upana wa mbele ukikubana, rudisha dukani, usidanganywe kwamba litatanuka.