Bermeo: Mji Mdogo wa Uhispania Unaovua Jodari wa Bahari Yetu

SALIM: Dada Mwanaisha, leo naanza na kigae cha paa. Kila tarehe 22 Julai meya wa Bermeo, kaskazini mwa Uhispania huko kwa Wabaski, hupanda boti hadi karibu na kisiwa cha Izaro, mashua za watu wake zikimfuata. Wakifika hukitupa kigae baharini na kutangaza kwamba michirizi ya mapaa ya Bermeo inafika mpaka hapo.

MWANAISHA: Yaani kisiwa ni chao.

SALIM: Ndiyo maana yake. Masimulizi yanasema walikigombania na majirani zao wa Mundaka, wakashindana kwa makasia, Bermeo wakashinda.

MWANAISHA: Na kisiwa chenyewe hakina hata mkazi mmoja!

SALIM: Ukiiona nchi kavu yao hutawashangaa. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 34, na mgongoni kuna mlima Sollube, karibu mita 700, unaoteremka kuelekea majini. Nyumba za bandari ya zamani ni nyembamba na ndefu kwenda juu, zimebanana, kila moja na rangi yake. Reli inaishia hapo hapo. Uwanda wa kulima hawana, kwa hiyo shamba lao ni bahari.

MWANAISHA: Shamba lililowagharimu, kaka Salim. Zamani waliwinda nyangumi, na yumo mpaka kwenye nembo ya mji. Halafu Agosti 1912 dhoruba iliwakuta boti zikiwa nje. Walikufa wavuvi 143 wa pwani ile, na 116 kati yao walikuwa wa Bermeo. Hata leo mji una watu kama 17,000 tu. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya wavuvi, najua mlango unavyotazamwa upepo ukigeuka. Hesabu hiyo siipiti haraka.

SALIM: Tusiipite. Lakini walirudi baharini, kwa sababu kila kitu kilisimama juu ya samaki. Na mpaka leo kuna uvuvi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa nyumbani: kiangazi wanamfuata jodari mweupe, wanamwaga chambo hai majini na kumvua kwa fimbo, mmoja mmoja. Akifika kiwandani huchemshwa, huachwa apoe, halafu wanawake humkwangua ngozi kwa kisu kidogo, wanatoa miiba, wanapanga minofu koponi kwa mkono, ndipo mafuta yanamiminwa.

MWANAISHA: Na uvuvi wa pili ndio unaotuhusu sisi.

SALIM: Ndiyo. Kampuni zina ofisi Bermeo, lakini meli zao kubwa za wavu wa kuzungusha zinashusha samaki Victoria, Shelisheli. Tangu miaka ya 1980 zinavua huku kwetu, magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ndiyo maana Oktoba 2009 maharamia wa Kisomali walipoiteka meli ya Alakrana na mabaharia wake 36, watu waliandamana Bermeo. Ilikaa mateka mpaka katikati ya Novemba.

MWANAISHA: Na humo melini walikuwamo vijana wa Ghana, Senegali, Madagaska, Shelisheli. Hao hutajwa mara chache.

SALIM: Kweli kabisa.

MWANAISHA: Sasa niseme linaloniuma. Meli hizi hutupa vyelezo vinavyoelea, vimefungwa vyombo vya setilaiti. Samaki hujikusanya chini yake, meli inakuja moja kwa moja na kuzungusha wavu. Wanaonaswa kwa wingi ni sehewa, yaani jodari wadogo wa aina yao, pamoja na jodari wachanga ambao hawajazaa hata mara moja. Mvuvi wa Shimoni au Kizimkazi anamtafuta jodari huyo huyo kwa mshipi.

SALIM: Na mwaka 2023 lilizungumzwa hapa hapa Mombasa.

MWANAISHA: Februari. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, chombo cha nchi zinazosimamia uvuvi huu, ilipiga kura vyelezo hivyo visitumike siku 72 kwa mwaka. Umoja wa Ulaya ukaweka pingamizi, na sharti hilo halikuzibana meli zake.

SALIM: Wao wanasema ajira za mji zitakufa.

MWANAISHA: Ajira naziheshimu, mikono ile ya kiwandani ni kama ya mama yangu. Ila mwaka 2005 dagaa wa Ghuba ya Biscay walipungua mno, samaki wa jamii ya dagaa mchele wetu, na Ulaya ikaufunga uvuvi wao. Boti za Bermeo zilikaa bila dagaa hao mpaka 2010. Samaki wakarudi, na leo wanavuliwa tena. Kwao walikubali kusubiri miaka mitano. Huku tuliomba siku 72.