Karatasi ya Shule Iliyonifanya Nimpigie Babu Tanga

Haya, habari za huko jamani! Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Leo niko jikoni, maharage yako motoni, kwa hiyo mkiona nimekimbia katikati ya maneno msishangae. Hapa Des Moines, jimbo la Iowa, theluji imeanza tangu alfajiri, na kijana wangu yuko chumbani anafanya kazi ya shule. Ndivyo alivyoniambia.

Mmekuwa mkiniuliza shule za huku zinaendaje. Ngoja niwape kisa cha karatasi moja.

Mwezi wa nane, wiki ya kwanza ya masomo, kijana alirudi na karatasi za kurasa 4. Yuko darasa la 10, na kuna somo linaitwa Masuala ya Dunia. Kwetu kilicho karibu nalo ni GS, yaani General Studies, ile tuliyosoma kidato cha 5 na 6: wakimbizi, tabianchi, haki za binadamu, vita, Umoja wa Mataifa. Mwalimu kaandika anachotarajia kwa mwanafunzi na taratibu za darasa, halafu mwishoni mzazi anatia saini kwamba amesoma na amekubali. Nami nikasaini kama ninavyosaini makaratasi ya benki. Sikusoma hata mstari.

Mengine ni ya kawaida tu. Simu hazitumiki wakati wa kipindi, na mwaka 2025 jimbo hili lilipitisha sheria ya kuzitaka shule zizibane, kwa hiyo hapo sina ugomvi na mtu. Kazi ikichelewa inapunguzwa alama lakini inapokelewa mpaka mada iishe. Enzi zetu ukichelewesha kazi, kilichobaki kujadiliwa ni fimbo ngapi. Kudesa ni sifuri. Akili mnemba ukiitumia useme umeitumia wapi, ukificha napigiwa simu mimi. Na matokeo hayabandikwi ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho kama tulivyozoea; kuna sheria ya nchi nzima tangu 1974 inayolinda kumbukumbu za mwanafunzi, kila mzazi anaona za mwanawe tu. Yule dada aliyekuwa anashika mkia darasani kwetu miaka yote, nilimkumbuka sana siku hiyo.

Balaa lilikuwa kwenye alama za kuchangia mjadala.

Mwezi wa kumi naangalia maendeleo yake, nakuta C. Mtoto huyu! Nikaenda kuonana na mwalimu. Akaniambia mitihani anafanya vizuri, lakini darasani haongei. Hanyooshi mkono, na akiulizwa anaangalia chini. Akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna tatizo.

Jamani, nilicheka, halafu nikasikia vibaya. Tatizo la nyumbani ni mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mkubwa akiongea unanyamaza, humkodolei macho, unasubiri uulizwe. Adabu yote niliyomjaza kwa miaka 15 huku inasomeka kama mtoto ana huzuni au hajali. Nikamweleza mwalimu, naye akanisikiliza vizuri tu, akanionyesha kwenye karatasi yake, ukurasa wa 2: mwanafunzi anaruhusiwa kutokubaliana na mwalimu, ila haruhusiwi kufanya hivyo bila ushahidi.

Nikajua hapa pana kazi.

Na mji huu wenyewe una historia na jambo hilo. Desemba 1965, wanafunzi wa hapa Des Moines walivaa vitambaa vyeusi mkononi kuwaombolezea waliokuwa wanakufa kwenye vita vya Vietnam. Shule ikawasimamisha. Mmoja wao, Mary Beth Tinker, alikuwa na miaka 13. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1969 majaji 7 dhidi ya 2 wakasema mwanafunzi haachi uhuru wake wa kusema getini mwa shule, ili mradi havurugi masomo. Miaka 13! Mimi umri huo nilikuwa naogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Basi, mwezi uliofuata wakapewa kazi ya kuigiza Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Nchi 15, na 5 kati yake zina kura ya turufu, yaani moja tu ikikataa, jambo limekwama. Wanachagua vikaratasi, kijana wangu akapata Marekani. Masharti: unasema maslahi ya nchi uliyopewa hata kama moyo wako hauko huko, na kila hoja iwe na chanzo.

Jioni tunakula, nikasema leo nami nichangie. Nikamwambia, wewe unayeshika kura ya turufu ya Marekani, unajua ilishamzuia mtu wetu? Salim Ahmed Salim, mtoto wa Pemba, aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. China inamkatalia Kurt Waldheim wa Austria, aliyekuwa amekalia kiti hicho, Marekani inamkatalia Salim, raundi baada ya raundi, mpaka wote wawili wakakaa pembeni na kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Nilisimulia mpaka ugali ukapoa.

Kijana akaniangalia. Akasema, "Mama, chanzo chako ni nini?"

Chanzo changu! Nimebeba mimba miezi tisa, naulizwa chanzo! Nikamwambia chanzo ni babu yako wa Tanga, alisikia kwa masikio yake redioni. Akajibu taratibu, kwa adabu kabisa, "Babu si chanzo, mama."

Niliinuka nikaenda kuitafuta ile karatasi, nikaisoma kwa mara ya kwanza, yote, mpaka ukurasa wa 3. Nikarudi mezani kama wakili. Imeandikwa pale: mahojiano na mtu aliyeshuhudia yanakubalika, yawekwe tarehe, na yaungwe mkono na chanzo kingine. Soma mwenyewe!

Jumamosi saa 2 asubuhi huku, Tanga saa 11 jioni, tukapiga simu ya video. Babu alikuwa amevaa kanzu na kofia, amekaa chini ya mwembe, bibi ndiye kashika simu. Akasimulia jinsi walivyokaa barazani na vikombe vya kahawa, redio katikati, kila mtu anajifanya anajua New York kuna nini. Kijana anaandika, mimi nimejaa fahari. Babu akamaliza: "Hiyo ilikuwa mwaka 1980."

Kijana akaacha kuandika. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, lakini nilishachelewa. "Babu, samahani. Shikamoo tena. Nimesoma kwamba ilikuwa mwishoni mwa 1981."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Bibi akaisogeza simu karibu, tukaona pua ya babu tu.

"Umesoma wapi?" babu akauliza.

Kijana akavitaja vyanzo viwili, akaeleza kimoja kinasemaje na kingine kinasemaje. Babu akasikiliza mpaka mwisho, akaivua kofia, akaivaa tena.

"Haya, andika 1981. Lakini andika na hili: kahawa ya siku ile haikunyweka."

Ameiandika hivyo hivyo, na tarehe ya mahojiano pembeni. Mwalimu kaipigia mstari na kalamu ya kijani, ngoja niwaonyeshe, iko juu ya fri... Jamani, maharage!