Miaka Tisa Kinyumenyume

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Na Wasukuma wenzangu, mwangaluka!

Nimeombwa nieleze nilivyofika kuwa mwalimu wa dansi. Najua ukisema dansi hapa Mwanza, watu wanafikiria bendi na gitaa la solo. Mimi nafundisha ile ya watu wawili walioshikana: walsi, foksitroti, tango. Kati ya vita mbili kuu za dunia, vijana wa Dar es Salaam na Tanga walikuwa na vilabu vyao vya kuicheza. Mzee aliyenifundisha aliikuta Tanga ujanani, akaja nayo huku alipohamishwa kikazi, mtu wa reli.

Nilikuwa na miaka 14. Alikuwa anakaa Kirumba, na darasa lilikuwa uani kwake, kwenye sakafu ya sementi. Jumamosi asubuhi anafagia, anamwaga poda kidogo ili miguu iteleze, ndipo tunaingia. Somo la kwanza halikuwa na muziki. Alichukua kanga ya mkewe, akatusimamisha wawili wawili tukitazamana, huyu kashika pindo hili na mwenzake pindo lile. Mmoja anatembea mbele, mwingine anarudi nyuma. Kanga isilegee, wala isivutike ikakaza. Ikilegea, mnaanza upya. Tulifanya hivyo mwezi mzima, na wenzangu kadhaa walichoka wakaacha. Mimi nilibaki, kwa sababu niligundua kwamba kupitia kile kitambaa nilijua mwenzangu anataka kwenda wapi kabla hajanyanyua mguu.

Kisha ikaja santuri. Mzee alikuwa na za okestra ya Victor Silvester, aliyekuwa bingwa wa dunia wa dansi hii kule London mwaka 1922. Baadaye, kuanzia 1935, alirekodi muziki wenye mwendo usiobadilika hata chembe, mahususi kwa wachezaji. Walsi ya mashindano huenda mapigo 84 hadi 90 kwa dakika, matatu matatu. La kwanza ndilo zito: unashuka, goti linakunja. La pili na la tatu unapanda, halafu unashuka tena taratibu.

Hapo kwenye goti, watoto wa Kisukuma hatukuhitaji maelezo marefu. Bibi yangu alikuwa Kisesa, karibu na Bujora, na kila Juni wakati wa Bulabo, sherehe yetu ya ngoma, alinipeleka kutazama ngoma ya bugobogobo. Mmewaona wale wenye majembe: uzito wote uko chini, magoti yako hai, ngoma inapiga na ardhi inajibu. Anayeniambia kwamba walsi na bugobogobo ni vitu visivyojuana, nahisi hajawahi kuzitazama kuanzia kiunoni kwenda chini.

Nilicheza miaka tisa. Nilicheza vizuri, nasema hivyo kwa sababu Mzee hakuwa mtu wa kusifia ovyo na alinisifia. Basi nikaona nafaa kufundisha. Kazi ya kwanza ikawa ya harusi: wachumba walitaka wafungue muziki kwa walsi badala ya kusimama wakiyumbayumba mahali pamoja. Niliwafundisha wiki nne. Siku yenyewe MC akawaita, wakaanza vizuri kabisa, bibi harusi anaelea. Wakafika kwenye kona, karibu na meza ya keki. Bwana harusi akasimama. Hakujua afanye nini. Muziki unakwenda, watu wanapiga vigelegele wakidhani ni mbwembwe, naye mkono wake mgongoni kwa mkewe unatetemeka. Niliuona ule mkono. Kosa lilikuwa langu.

Kwenye walsi, wachezaji huzunguka ukumbi kinyume cha saa, na mara nyingi mwanaume ndiye anayetazama mbele. Yeye ndiye anayeiona kona, anayewaona wengine, anayeamua kugeuka. Mimi kwa miaka tisa nilikuwa nimezunguka ule ua kinyumenyume. Kona nilikuwa naihisi imeshapita. Ningemfundishaje mtu kitu ambacho sijawahi kukiona?

Nilirudi Kirumba Jumatatu jioni nikamsimulia Mzee. Hakunilaumu. Alivua makubazi, akasimama mbele yangu, akaweka mkono wake wa kushoto begani kwangu, kama mwanamke anavyoweka. "Nipeleke," akasema, na akafumba macho. Alikuwa ameshapita miaka 70 na goti moja linamsumbua. Nikampeleka. Hatua ya nne nikamgongesha nyonga kwenye meza ya mkaa na masufuria. Akafumbua macho: "Umeniona mimi. Meza hukuiona."

Ilinichukua karibu mwaka mzima. Mguu wa kuanzia ni mwingine, mzunguko ni mwingine, na kifua ndicho kinachosema, siyo mikono. Lakini kigumu kuliko vyote kilikuwa kubeba mtu anayerudi nyuma asikokuona, akiwa amekuamini. Nilikuwa nimemwamini mwenzangu hivyo miaka yote bila kufikiria upande wa pili unabeba nini.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hata Uingereza ndivyo wanavyopima walimu. Imperial Society of Teachers of Dancing, chama kilichoanzishwa mwaka 1904, humtaka anayetafuta cheti cha ualimu aonyeshe hatua za mwanaume na za mwanamke zote mbili. Mzee hakuwa na cheti chao. Alifika palepale kwa kutumia meza ya mkaa.

Kwa hiyo darasani kwangu wavulana na wasichana wote hujifunza pande zote mbili tangu wiki ya kwanza. Wapo wazazi waliolalamika, hasa akina baba, kwamba mtoto wa kiume anafundishwa kurudi nyuma. Nawaalika waje wajaribu wenyewe. Mmoja alikuja na hajaacha mpaka leo, yule pale nyuma amevaa shati la bluu.

Sasa naomba viti tuvisogeze ukutani. Wenye kandambili wavue. Kanga nimekuja nazo kumi, kila wawili wachukue moja, na tuanze bila muziki.