Moto kwenye kiganja: uchore mwenyewe, fremu kwa fremu

Karibuni. Tazama kwanza kipande hiki cha sekunde nne. Kijana anafungua kiganja, moto unalipuka juu yake, anautazama kidogo, kisha anaupuliza unazimika. Hakuna kiberiti kilichowashwa hapo. Moto wote umechorwa kwa mkono, na leo tunautengeneza pamoja tangu kurekodi mpaka sauti. Utahitaji simu, kompyuta inayoweza kuendesha Krita, ambayo ni programu ya bure ya kuchorea, na tochi ndogo ile ya kuning'iniza kwenye funguo.

Sasa tazama na hiki cha pili. Hili ni jaribio langu la kwanza. Nilihangaika na moto huu wiki nzima, na michoro yake si mibaya. Nikampelekea mama jikoni aone. Akaitazama mara mbili, akaniuliza, "Mbona moto wenyewe hauangazi?" Angalia hapa, nimesimamisha picha: kidevu kipo gizani, vidole vipo gizani, ukuta hata haujashtuka. Nilichora moto nikasahau mwanga wake. Ndiyo maana leo hatugusi brashi mpaka mwanga ukae sawa.

Hatua ya kwanza, usome moto wa kweli. Usiku, zima taa, washa kibatari au mshumaa mahali pasipo na upepo, urekodi kwa mwendo wa polepole. Ukimaliza, kaa uitazame bila haraka. Utaona shina la moto halihami, limeng'ang'ania utambi. Kiuno kinabanwa. Juu kuna ulimi unaojirefusha, unakatika, na kile kipande kilichokatika kinapanda peke yake kikipungua mpaka kinapotea. Wazee waliosema ndimi za moto walikuwa wameangalia vizuri. Chagua ulimi mmoja tu, ufuate kwa kidole kwenye skrini tangu unazaliwa pembeni mwa shina mpaka unakatika kileleni. Fanya hivyo mara kumi. Huu ndio utachora.

Na tafadhali, usijipake spiriti mkononi ukawasha. Moto wa spiriti ni wa buluu hafifu, kwenye mwanga hauonekani vizuri, na mtu anaweza kuendelea kuungua akidhani umeshazima. Tunachora ili pasiwe na haja hiyo.

Hatua ya pili, kurekodi. Simu isimame imara. Kama huna stendi, iegemeze kwenye debe la mchele. Bonyeza skrini usoni pa mwigizaji ushikilie mpaka simu ifunge fokasi na mwanga, maana usipofunga, ukiwasha tu tochi simu itajirekebisha na picha nzima itabadilika. Weka fremu 24 kwa sekunde, yaani picha 24 kila sekunde. Kama simu yako inaruhusu kuchagua kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, weka 1/50 ya sekunde. Umeme wetu hapa Tanzania, na wa Kenya na Uganda pia, ni wa hezi 50, kwa hiyo balbu inapepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa 1/50 kila fremu inapokea mipepeso miwili kamili, na picha haitakuwa na ile mistari inayotembea.

Sasa tochi. Ifunge kwa karatasi ya pipi ya rangi ya chungwa, ilaze katikati ya kiganja ikiangalia usoni. Ndiyo, itaonekana kwenye kamera. Usijali, moto tutakaouchora utakaa juu yake na kuifunika kabisa. Ona tofauti: kidevu kimepata rangi, chini ya pua kuna mwanga, vivuli vya vidole vimepanda ukutani. Kazi hii yote ungeichora kwenye kompyuta ungemaliza mwezi, na bado isingekuwa nzuri hivi.

Mwambie mwigizaji aiwashe kwa kidole gumba pale pale anapofungua mkono, na aizime anapopuliza. Macho yake yasitazame tochi. Yatazame juu yake kiasi cha urefu wa kidole, pale kilele cha moto kitakapokuwa. Watu wengi hupuuza jambo hili, halafu wanashangaa kwa nini mwigizaji anaonekana kama anatazama kitu kingine. Rekodi mara tano au sita, uchague.

Hatua ya tatu ndiyo kazi yenyewe. Ingiza video kwenye Krita kama mfululizo wa picha. Juu yake weka tabaka jeusi tupu, lipunguze uzito ili uone mkono kwa chini, na juu kabisa weka tabaka la kuchorea. Washa ule uwezo wa kuona mchoro uliopita kwa rangi hafifu. Bila huo unachora gizani.

Hatuchori fremu zote 24. Kila mchoro utakaa fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja ni michoro 12. Moto wetu unawaka sekunde tatu: michoro 36. Usiogope hiyo namba. Mchoro mmoja wa umbo ni dakika mbili tatu ukishazoea.

Anza na umbo peke yake, rangi moja, bila madoido. Chora moto kama tone lililopinda. Upande wa kushoto weka kinundu chini, upande wa kulia weka kinundu juu kidogo, visilingane. Kwenye mchoro unaofuata, kila kinundu kisogee juu, tuseme sehemu moja kati ya tano ya urefu wa moto. Unaofuata, kisogee juu tena. Kikifika juu kinakuwa ulimi, ulimi unakatika, na kipande kilichokatika kinaishi michoro mitatu tu, kila mara kidogo zaidi. Wakati huohuo kinundu kipya kimeshaanza chini. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kinundu kilichopanda kisha kikashuka. Kikishuka hata mara moja, jicho linaona kitambaa kinachopepea, halioni moto tena.

Cheza michoro sita ya kwanza. Tazama hapa mchoro wa nne: ulimi umeruka mbali mno, unaonekana kama umepigwa teke. Nafuta, nauchora upya chini kidogo. Hivi ndivyo kazi inavyokwenda, kuchora na kucheza, kuchora na kucheza.

Kuwaka na kuzima kunataka uangalifu wa pekee. Moto unapolipuka hauji polepole. Mchoro wa kwanza ni nukta. Wa pili tayari ni mkubwa kupita moto wenyewe utakavyokuwa. Wa tatu unarudi chini, wa nne unatulia. Na ukipulizwa, hausinyai kama puto. Unalala upande pumzi inakokwenda, unakatika kwenye shina, mwili unaelea fremu chache bila mzizi, unapasuka vipande, basi. Nyuma yake unabaki uzi wa moshi.

Kama mkono unasogea, shina liende na mkono lakini kilele kichelewe, kipinde kinyume na mkono unakokwenda. Mkono ukisimama, kilele kinafika baadaye na kupitiliza kidogo.

Umbo likishakaa sawa, ndipo uweke rangi: chungwa lililoiva nje, njano ndani yake, na njano inayokaribia nyeupe katikati. Rangi tatu zinatosha. Ukiongeza ya nne unajipa kazi ambayo kwenye skrini ya simu haionekani.

Ufundi huu si mgeni kwenye filamu za watu halisi. Kwa filamu ya Forbidden Planet, iliyotoka mwaka 1956, studio ya MGM ilimwazima Joshua Meador, mchoraji wa efekti wa Disney, akachora kwa mkono zimwi lake, ambalo halionekani mpaka lipigwe na miale. Alichora juu ya picha zilizokwisha pigwa, kama tunavyofanya hapa.

Hatua ya nne, kuunganisha. Ondoa ule wepesi wa tabaka jeusi, toa michoro yako kama video yenye mandharinyuma nyeusi tii. Kwenye CapCut, programu ya kuhariri video, weka video ya mwigizaji chini, ya moto juu yake, kisha badilisha namna ya kuchanganya iwe Screen. Weusi wote umeondoka, moto umebaki. Inafanya hivyo kwa sababu Screen inajumlisha mwanga, na nyeusi haina mwanga wa kujumlisha. Ndiyo maana hatuitumii kwa moshi. Moshi unafunika kilicho nyuma yake, kwa hiyo utoe kama picha zisizo na mandharinyuma, uweke kawaida, uzito wa asilimia 30 hivi.

Nakili tabaka la moto, nakala hiyo uitie ukungu mwingi, nayo iwe Screen. Hapo moto unapata mng'ao wake. Ule wa asili nao utie ukungu kidogo sana, maana mstari wa brashi ni mkali kuliko lenzi ya simu.

Vidole vilivyo mbele ya moto havitakiwi kufunikwa. Rudi Krita, futa moto kwa kufuata ukingo wa kidole, mchoro kwa mchoro. Kufuata picha halisi namna hii kuliwekewa mashine zamani: Max Fleischer, mtengeneza katuni wa Marekani, aliomba hataza ya rotoskopu mwaka 1915, akapewa 1917. Inachosha, nakubali. Mimi huifanya asubuhi, macho yakiwa bado mapya.

Sauti ni fupi. Kunja kanga, ikung'ute mara moja karibu na maikrofoni, hapo una sauti ya kulipuka. Kwa kuwaka, papasa mfuko wa nailoni taratibu, uipunguze sana. Ya kuzima ni pumzi ya mwigizaji mwenyewe.

Kabla hujapandisha, toa video kwa wima, 1080 kwa 1920, uitazame kwenye simu. Kisha funika moto kwa kidole gumba, ucheze tena. Hapa nimeufunika wangu. Kidevu kinawaka, vivuli vimepanda ukutani, macho yamemezwa na kitu kilicho juu ya kiganja. Moto huuoni, lakini unajua upo. Wako ukifika hapo, pandisha.