Pipa Halina Jumatatu

MWANA: Haya wapenzi, bili ya kodi ya kansoli, ile ya huduma za mitaa hapa Uingereza, imeshatua mlangoni, na safari hii Juma ameisoma mpaka chini.

JUMA: Mistari sita, dada! Kaunti ya Cambridgeshire, wilaya yetu ya South Cambridgeshire, polisi, zimamoto, meya wa ukanda, baraza la kijiji. Anayetuma bili ni wilaya, anayekula fungu nono ni kaunti.

MWANA: Si ndiyo yenye shule, barabara na matunzo ya wazee? Wilaya ina nyumba, vibali vya ujenzi na...

JUMA: Mapipa.

MWANA: Nilijua tu. Hata dakika mbili hatujafika.

JUMA: Sasa nidanganye? Madiwani 45, kiongozi, kamati tendaji, na kamati nyingine ya kuwachunguza hao hao. Muulize jirani yako hapa wilayani, Cambourne, wilaya ni nini, atakwambia kesho ni pipa la bluu, lile la kuchakata.

MWANA: Na wilaya yote inauzunguka mji wa Cambridge, ila mji wenyewe haumo. Una baraza lake.

JUMA: Lakini gari la taka ni moja, wameunganisha huduma. Pipa halina mpaka!

MWANA: (anacheka) Tena tangu 2023 halina Jumatatu, wazoaji wanafanya kazi siku nne tu.

JUMA: Hapo ndipo ninapokasirika. Wafanyakazi wa wilaya saa 32 za kazi kwa wiki, mshahara wa saa 37. Mimi nalipa kamili!

MWANA: Taka zako si zinachukuliwa? Cambridge pango ni ghali, wafanyakazi hawapatikani, baraza likawa linakodi wa wakala kwa bei ya juu. Siku nne zimewavuta watu.

JUMA: Waongeze mshahara basi.

MWANA: Kwa pesa zipi? Zako?

JUMA: Mwana, hili lilianza kama jaribio Januari 2023. Uchaguzi ulikuwa 2022. Nani aliulizwa?

MWANA: Madiwani uliowachagua ndio waliolipitisha liwe la kudumu 2025. Serikali kuu iliwaambia waache, wakagoma. Hiyo ndiyo serikali ya mitaa.

JUMA: Hiyo ni kiburi.

MWANA: Ni mamlaka yao.

JUMA: Sikubali.

MWANA: Wala mimi. Ule mpango wa kufuta wilaya na kaunti, kila eneo libaki na baraza moja la kufanya yote, utaupenda basi.

JUMA: Siupendi! Diwani wangu namkuta dukani. Likishakuwa baraza kubwa nitamkuta wapi?

MWANA: Subiri, unaitetea wilaya?

JUMA: Naitetea ifanye kazi siku tano.

MWANA: Mhariri ananionyesha saa. Nilikuwa na karatasi nzima hapa, jinsi sisi wa Jumuiya ya Madola tunavyojiandikisha kupiga kura za mitaa, na huyo meya anafanya nini hasa.

JUMA: Meya hana pipa.

MWANA: Zima maikrofoni ya huyu.